Safu Isiyokuwamo Katika Ukurasa wa Jadida

Jumatano, Mfunguo Mosi, siku ya kumi na nne. Wete.

Mvua ya masika imepiga tangu alfajiri, imekatika sasa hivi baada ya Adhuhuri. Bati bado linatona. Nimekaa mbele ya kompyuta bila hamu ya kazi, lakini jambo hili nisipoliandika leo, kesho nitalipamba.

Kwa hiyo naliandika kama lilivyo.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba mbali na shajara hii ninayo tovuti ya zamani, inayokaribia miaka thelathini, ya watu wa mtaa wetu wa Jadida na huko walikotawanyikia. Mwezi huu tovuti hiyo ilikaribia kumwozesha binti kwa mtu ambaye dini haimruhusu kuolewa naye. Kosa halikuwa la mashine. Nililifanya mimi, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu na kikombe cha kahawa pembeni.

Binti huyo nitamwita Salma. Idhini ya kuandika kanipa mwenyewe leo asubuhi, kwa sharti nibadilishe majina. Nimeyabadilisha yote isipokuwa la dada yangu, Bi Time, aliyesema kwamba kwa umri wake hana wa kumficha.

Niliondoka Wete nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa boti ya Tanga, na mkoba mmoja. Nimerudi nikiwa na miaka sitini na saba. Sehemu kubwa ya miaka ya katikati nilifanya kazi katika maktaba ya chuo huko Bergen, Norwei. Kwanza nilipanga kadi za vitabu katika visanduku vya mbao, kisha nikaziingiza kadi zile zile katika kompyuta. Siku moja mwenzangu aliniita mezani kwake anioneshe kitu. Ulikuwa ukurasa wa rangi ya kijivu, maandishi meusi, na maneno machache ya buluu yaliyopigwa mstari chini. Akabonyeza neno moja la buluu, tukawa tunasoma karatasi iliyokuwa Australia.

Nilirudi kwenye kadi zangu, nikazipanga siku nzima nikiliwaza lile neno la buluu.

Baadaye nilisoma kilikotoka. Bwana mmoja katika maabara ya fizikia, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alichoka kuona karatasi za wenzake zimefungiwa kila moja katika mashine yake, haziwezi kuelekezana. Akabuni njia ya karatasi yoyote kuelekeza kwenye nyengine yoyote, popote ilipo. Hakuweka makao makuu, wala bawabu. Ukitaka kuweka kiungo cha kuja kwenye ukurasa wangu huniombi ruhusa, na mimi nikitaka kuja kwako sikuombi. Kisha maabara ikauachia ulimwengu mpango huo bure. Kwa mtu aliyekwishapitisha miaka mingi akisimama mbele ya madirisha ya kuombea vibali vya kuishi, habari hiyo ilikuwa tamu mno.

Na kulikuwa na utamu mwengine. Ukurasa wowote uliweza kuugeuza ukatazama ndani ulivyoshonwa, kama mtu anayegeuza kanzu aone mishono. Hakuna aliyenifundisha. Niligeuza kurasa za watu, nikaiga mishono yao, na baada ya miezi michache nikawa na ukurasa wangu.

Nilijua tangu mwanzo utakuwa wa nani. Watu wa Jadida tulikuwa tumesambaa Tanga, Mombasa, Maskati, Dubai, Toronto, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Dada yangu hakuwa na simu wakati ule, lakini alikuwa na redio ya kaseti. Nikampelekea kaseti tupu kwa mikono ya wasafiri, nikamwomba anitajie watu wa mtaa, nyumba kwa nyumba, waliopo na walioondoka. Zikarudi kumi na moja, zimejaa pande zote mbili. Ndani yake mlikuwa na sauti yake, majogoo, adhana, na mama yetu, ambaye alikuwa bado hai, akimsahihisha kutoka chumba cha pili.

Nikitoka kazini nilikaa nikisikiliza na kuandika. Nikatengeneza jedwali la safu sita: jina, baba, babu, mama, nyumba aliyozaliwa, aliko sasa. Nilijiona mtu wa kisasa sana kwa ile safu ya mama, maana nasaba nilizoziona utotoni, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa ndani ya misahafu, zilitaja wanaume tu.

Dada yangu lakini hakuzungumza kwa safu sita. Alikuwa akisema: huyu mtoto wa fulani, kalelewa na fulani, Kurani kasomeshwa na fulani, jina kapewa la yule aliyefia hija. Mimi nilikuwa nikichomoa vitu vyangu sita na kuviacha vyengine vipite. Niliviona ni mapambo ya mazungumzo.

Ndivyo nilivyoviona.

Ukurasa ulipendwa. Watu waliniandikia kutoka miji ambayo sikuwahi kuifikiria, wakisema wamemwona babu yao, wamemwona jirani wa utotoni. Mmoja aliandika kwamba ameuchapisha akaubandika jikoni. Nilifurahi kupita kiasi, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu aliyeishi ugenini miaka yote hiyo anapopata jambo moja la kuwafaa watu wa kwao, hulishika kwa mikono miwili.

Sasa Salma.

Anasomesha kompyuta katika skuli moja hapa Wete. Baba yake, Juma, ni jirani yangu wa nyumba ya tatu. Bibi yake mzaa baba, marehemu Bi Asha, alikuwa shoga mkubwa wa dada yangu. Alifariki kabla Salma hajazaliwa. Mwaka juzi Salma alikuja kwangu akaniambia wazi kwamba tovuti yangu haisomeki kwenye simu, na hapa kisiwani hakuna anayesomea kitu chengine.

"Babu, ukurasa wako ni kama shuka fupi," alisema. "Mtu akiuvutia kichwani, miguu nje."

Akajitolea kuutengeneza upya. Nilimpa kila kitu. Kulikuwa na jambo moja katika kazi yangu alilolisifu, kwamba unafunguka haraka hata mtandao ukiwa dhaifu, kwa sababu hauna picha kubwa wala vitu vinavyorukaruka. Akauacha mwepesi vile vile. Lakini jedwali alilivunja. Kila mtu akampa ukurasa wake mdogo, na kutoka kwa mtu mmoja ukawa unaweza kwenda kwa mwengine kwa kiungo. Siku moja, akiwa amekaa hapa hapa nilipokaa sasa, aliniuliza viungo viwe vya aina gani. Alivihesabu kwa vidole: baba, mama, mume, mke, mtoto. Akauliza kama kuna uhusiano mwengine wa kuingiza.

Nilimwambia hivyo vinatosha.

Kupitia tovuti hiyo ndipo alipojuana na Nassor. Huyu alizaliwa Jadida, akachukuliwa na mama yake, Bi Raya, kwenda Maskati alipokuwa hajatimiza miaka miwili. Aliandika kutufahamisha kwamba mama yake, ambaye ukurasa wangu ulimweka miongoni mwa walio hai, alifariki zamani, yeye akiwa na miaka tisa. Wakati huo barua za tovuti zilikuwa zikijibiwa na Salma. Akasahihisha, akampa pole. Nassor akauliza nyumba aliyozaliwa kama bado imesimama. Salma akaenda kuipiga picha. Mambo yakaendelea hivyo kwa mwaka mzima, baba yake akijua, hakuna la kificho. Nassor ana miaka thelathini na saba, aliwahi kuoa wakaachana, hakupata mtoto. Salma ana ishirini na sita, na kwa miezi hiyo nilikuwa nikimsikia akicheka peke yake akisoma simu kwenye baraza yangu.

Posa ililetwa kabla ya Ramadhani. Juma, kama baba yeyote, alitaka kujua kama kuna udugu wowote kati yao. Hakwenda kwa mzee yeyote. Alikuja kwangu, kwa sababu kila mtu anajua mimi ndiye mwenye orodha. Nikafungua ukurasa, nikapanda juu upande wa Salma, nikapanda juu upande wa Nassor, mpaka kwa baba wa mababu. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba hawakutani popote.

Nikaha ikapangwa iwe mwezi huu, tarehe ishirini.

Siku ya tatu ya Sikukuu nilikwenda kumwamkia Bi Time. Alikuwa amerudi tu kutoka Chake Chake, alikokaa kwa binti yake Ramadhani nzima na wiki kadhaa kabla yake kwa ajili ya matibabu ya macho. Haoni vizuri, mtoto wa jicho amemkaa pande zote mbili. Habari ya harusi alikuwa nayo, lakini aliambiwa tu kwamba Salma anaolewa na mtu wa Maskati. Nikamkalia karibu nikawa namsomea ukurasa mpya kwenye simu, nyumba kwa nyumba, asahihishe. Nilipofika nyumba ya marehemu Bi Raya nikasoma jina la Nassor, na nikaongeza kwa bashasha kwamba huyu ndiye bwana harusi wetu.

Dada yangu akasimamisha tasbihi.

"Nassor wa Raya?"

"Wa Raya."

"Basi hamuoi, Hemedi. Salma ni mtoto wa nduguye."

Nilicheka kidogo. Nikamweleza kwamba nimetazama mwenyewe, hawakutani hata kwa baba wa mababu.

"Umetazama wapi?"

Nikainua simu, kana kwamba angeiona.

"Hicho kina damu tu," alisema. "Kina maziwa?"

Kisha akanieleza, polepole, kama anayemsomesha mtoto mzito. Nassor alipokuwa na mwezi mmoja, mama yake alishikwa na homa kali akalazwa hospitali Chake. Baba yake alikuwa baharia, yuko safarini. Bi Asha, nyumba ya pili, alikuwa na mtoto mchanga wa mwisho, ambaye baadaye alifariki kabla ya kutambaa. Akamchukua Nassor, akawanyonyesha wawili kwa pamoja, wiki tatu, usiku na mchana, mpaka Raya aliporudi. Juma, ambaye ni mtoto mkubwa wa Bi Asha, wakati ule alikuwa skuli Unguja, hakushuhudia. Raya alipona, akafunga safari na mtoto wake. Akafariki huko. Bi Asha akafariki huku. Habari ikabaki kwa waliokuwapo, nao wakawa wanaondoka mmoja mmoja.

"Mie ndie niliyekuwa nampokea asubuhi Asha apate kupika," alisema Bi Time. "Weye ulikuwa Ulaya unapiga mashine. Na nilikwambia. Nimekutajia kwenye kaseti."

Nitasema ukweli. Jambo la kwanza nililolifikiria ni umri wake. Ana miaka themanini. Nilitamani awe amechanganya. Nilikaa pale namtazama dada yangu, aliyenilea, nikimwombea kwa dakika nzima awe amesahau.

Si kwamba sikuijua hukumu. Mtoto yeyote wa Pemba anajua kwamba walionyonya ziwa moja ni ndugu, na aliyenyonya kwa bibi yako ni ami yako, sawasawa na kama amezaliwa tumbo moja na baba yako. Nilijua hayo kabla sijajua kusoma.

Kaseti ninazo, zimo katika kasha la biskuti. Cha kuzichezea sikuwa nacho. Fundi redio mmoja wa sokoni aliniazima redio ya zamani aliyokuwa akiitoa vipuri, baada ya kunitania kwamba mzee wa tovuti naye kumbe anarudi kwa mababu. Ilinichukua siku mbili kufika kaseti ya saba, upande wa pili. Sauti ya dada yangu, ya umri wa makamo, imara, inasema: Nassor wa Raya, kanyonya kwa Asha, pale Raya alipolazwa. Na kutoka chumba cha pili sauti ya mama yetu: "Wiki tatu. Mwambie wiki tatu." Na dada yangu: "Wiki tatu, mama anasema." Halafu jogoo.

Nikatafuta daftari langu la wakati ule. Nassor yumo. Safu sita zimejazwa kwa mwandiko mzuri. Hakuna kitu chengine.

Niliyasikia maneno yale Bergen, theluji ikiwa dirishani, nikayaelewa, na nikaendelea na jina linalofuata. Hayakuwa na pa kuingia.

Nimefikiri sana siku hizi juu ya hilo. Nilipewa chombo ambacho uzuri wake wote ni kwamba kitu chochote kinaweza kuunganishwa na chochote, kwa sababu yoyote, hata sababu ambayo mbunifu wake hakuiwaza. Mimi nikakigeuza kabati la kadi, kwa kuwa kabati ndicho nilichokuwa nikikijua. Na dada yangu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alikuwa akizungumza mtandao mtupu: huyu kwa yule kwa maziwa, yule kwa huyu kwa Kurani, huyu kwa yule kwa jina. Siku hizi vijana wanalaumu kwamba mtandao umekuwa majumba machache makubwa ambamo kila mtu hujaza fomu ile ile na kuonekana sawa na mwenziwe. Nami nalaumu nao. Lakini fomu yangu niliichora mwenyewe, hakuna jumba kubwa lililonilazimisha.

Na kuna sababu nyengine, ya ndani zaidi. Nilipokuwa mbali niliamini kwamba nyumbani kupo pale pale, kumejaa, na mambo ya nyumbani yanajulikana na walioko nyumbani. Sikuhisi haja ya kuandika nani kanyonya kwa nani, kama mtu asivyoandika kwamba mlango uko upande gani. Sikudhani kwamba siku moja Jadida ingebakiwa na mtu mmoja tu anayejua.

Nilimwendea Shehe Faki, imamu wa msikiti wetu. Sitaficha kwamba nilikwenda nikitafuta upenyo. Nilimuuliza kuhusu idadi ya mashahidi, kuhusu sauti ya marehemu kwenye kaseti, kama inahesabika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba mbele ya kadhi ushahidi huu ungeweza kubishaniwa, na kama wangekuwa wamekwishaoana jambo lingekuwa na mjadala wake. Lakini hawajaoana.

"Mzee Hemedi," akasema, "wewe mwenyewe humwamini dada yako?"

Namwamini.

"Basi usiniulize mimi. Waambie wenyewe."

Nilimwambia Juma kwanza, kisha mimi na yeye tukakaa na Salma nyumbani kwa Bi Time, baada ya Alasiri. Alikuja na simu mkononi akitaka kunionesha rangi mpya ya viungo, kwa kuwa ile buluu ya zamani alisema inachosha macho. Bi Time ndiye aliyesema. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema, nikamwachia.

Salma hakulia. Aliuliza kama mwalimu: mara ngapi, kwa muda gani, nani aliona. Bi Time akamjibu kila swali. Kisha akanigeukia mimi akauliza jambo moja, bila ukali wowote, na ndilo lililoniumiza.

"Nilipokuuliza viungo vya aina gani, babu, hukukumbuka?"

Nikamwambia sikukumbuka. Nikamwambia na lililo baya zaidi, kwamba niliwahi kuambiwa nikaacha kuandika. Kwamba angekuwa na rekodi hiyo mbele yake tangu barua ya kwanza ya Nassor, angemjibu kama ami yake na yote haya yasingekuwapo. Nilimwambia pia kwamba wanaojua ni sisi tu na Shehe, na Shehe ameliacha mikononi mwake na Nassor. Juma alinitazama kwa jicho kali niliposema hivyo. Lakini niliona kwamba nimekwishamficha binti huyu jambo moja maisha yake yote, sitamficha la pili.

Akafunga mtandio, akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Siku tano sikumwona. Sikufungua tovuti. Nilisikia kwa Juma kwamba amemwambia Nassor siku ile ile kwa simu, na kwamba walizungumza muda mrefu na mlango wazi, na kwamba Nassor amesema safari ya kuja Pemba haivunji. Zaidi ya hapo Juma hakusema, nami sikuuliza. Mahari ilirudishwa bila maneno mengi. Mtaani watu walianza kunong'ona kwamba bwana harusi kaghairi. Salma aliendelea kwenda skuli kila asubuhi, kichwa juu.

Leo asubuhi, mvua ikiwa bado inanyesha, walikuja.

Juma mbele, kisha kijana mrefu aliyeloa mabega, mwenye mvi chache kidevuni, kisha Salma nyuma kabisa na mwavuli. Nassor alikuwa amefika jana. Alinisalimu, akamsalimu Bi Time, niliyekuwa nimemleta kwangu tangu juzi. Dada yangu akamwita karibu, akampapasa uso wote kwa viganja viwili, akasema kwamba paji la uso ni la Raya na kwamba alikuwa mlafi tangu siku ya kwanza, Asha akipiga kelele. Nassor alicheka, na kicheko kikaishia njiani.

Aliomba kusikia kaseti.

Nikaicheza. Aliinama kiwiko juu ya goti, akisikiliza watu waliokuwa wakimjua kuliko yeye anavyojijua. Ilipofika kwa jogoo nikataka kuizima. Akaniashiria niirudishe. Tuliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu alikuwa akitazama chini, kwenye mkeka.

Kwa mwaka mzima hawa wawili hawakuwahi kukaa chumba kimoja, na hata leo, tangu waingie, Salma alikuwa amesimama mlangoni, na Nassor alikuwa akichunga macho yake yasielekee huko. Ilikuwa ni mazoea yao ya uchumba, na miili yao haikuwa imepata habari.

Salma akaweka mwavuli chini. Akavuka chumba, akapiga goti moja mbele yake, akauchukua mkono wake wa kulia.

"Shikamoo, ami."

Juma akatazama nje kwenye mvua. Mkono wa Nassor ulikuwa mikononi mwa Salma, umekaza kama wa mtu anayeogopa kuvunja kitu, na uso wake ulikuwa ukifanya kazi ambayo sijawahi kuiona uso wa mwanamume ukiifanya. Nilidhani atautoa mkono. Bi Time, ambaye haoni, ndiye aliyejua kimya kimerefuka kupita kiasi.

"Mwitikie mtoto, Nassor," akasema taratibu.

"Marahaba," akasema.

Salma akaubusu ule mkono, akainuka, akakaa karibu naye kwenye mkeka, bega kwa bega, kama binti anavyokaa na ami yake. Yeye ndiye aliyeomba kompyuta. Alifungua tovuti, akaongeza aina ya sita ya kiungo, ya maziwa, akaiunganisha nyumba ya Bi Asha na jina la Nassor, na kutoka hapo kwa Juma, na kutoka kwa Juma kwake mwenyewe. Alibonyeza huku na huku kuhakikisha kinafika. Kinafika. Kisha akaniambia ninaweza kuandika habari hii hapa, ili mtu mwengine asije akapatwa nayo, ila majina nibadilishe.

Wameondoka sasa, wamekwenda kula kwa Juma. Nimebaki na Bi Time, amelala kidogo.

Nimeamua kuweka mwanzoni mwa tovuti, juu ya majina yote, maneno machache ambayo nilipaswa kuyaandika miaka thelathini iliyopita. Nimeyajaribu mara kadhaa, na mwisho nimebaki na haya: Kurasa hizi hazijui kila kitu. Kabla ya posa, waulizeni wanawake wazee wa nyumba zenu. Nikampelekea Salma kwa simu aone kama yanaenea kwenye kioo kidogo.

Amejibu sasa hivi. Anasema yanaenea, lakini niondoe "kabla ya posa". Waulizwe leo.

Nimeondoa.